Mboji ya nyumbani huanza na kiroba cha majani makavu

Anayeanza kutengeneza mboji nyumbani kwa kawaida huanzia jikoni. Anatenga ndoo, anatia maganda ya ndizi na viazi, mashina ya mchicha, machicha ya nazi, anafunika. Baada ya wiki mbili akifunua anakuta rojo jeusi, funza tele na harufu inayowafikia majirani. Ndoo inamwagwa jalalani, na tangu hapo mboji inahesabiwa kuwa kazi ya wenye mashamba. Kilichokosekana humo, mara nyingi, kilifagiwa uwanjani asubuhi ile ile na kutiwa kiberiti: majani makavu.

Kwa hiyo mwenye bustani ndogo, awe Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, aanze kwa kuacha kuchoma majani. Ya mwembe, mkungu, mpera, hata nyasi za kufyeka zikishakauka, yote yanafaa. Jaza viroba viwili vitatu, viweke pasiponyeshewa, ndipo uanze kutenga maganda ya jikoni.

Sababu yake ni hii. Vijidudu vinavyoozesha taka hupata nguvu kutoka kwenye kaboni na hujenga miili yao kwa naitrojeni, na hufanya kazi vizuri zaidi penye sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu moja ya naitrojeni. Taka za jikoni zina naitrojeni nyingi na maji mengi. Zikiwa peke yake hushikana, hewa haipiti, uozo unakuwa wa kuvunda, na naitrojeni uliyoitaka kwa ajili ya mboga inapotea hewani ikiwa amonia, ile inayochoma pua. Majani makavu yanaleta kaboni na kuacha nafasi za hewa. Huna haja ya kupiga hesabu: kwa kila ndoo moja ya taka mbichi weka ndoo mbili hadi tatu za majani makavu yasiyoshindiliwa. Maranda ya seremala yanaweza kusaidia, ila yana kaboni nyingi mno, kwa hiyo yawe kidogo, na yasitoke kwenye mbao zilizotiwa dawa.

Lundo linalopasha joto sawasawa linahitaji kama mita moja kila upande, na nyua nyingi za mjini hazina nafasi hiyo. Pipa la plastiki lililokatwa kitako na kutobolewa matundu pembeni linatosha. Ndoo ya lita 20 ni ya kukusanyia tu. Lisimamishe kivulini, juu ya udongo, siyo kwenye sementi, na mbali na kisima. Panya wakiwa wengi, tandika chini wavu wenye matundu madogo.

Chini kabisa weka vijiti au mabua ya mahindi kimo cha shubiri moja. Fuata majani makavu, kisha taka za jikoni zilizokatwakatwa (vikonyo vya ndizi visipokatwa hukaa miezi), kisha samadi kidogo kama unayo na konzi mbili za udongo wa bustani. Nyunyizia maji, funika kwa majani makavu. Kila ukiongeza taka, malizia kwa majani. Nzi hutaga palipo wazi. Ukifunika vizuri wengi wataishia kuzunguka nje.

Maji ndiyo yanayowashinda watu wengi, na kipimo chake ni mkono. Ingiza mkono hadi katikati, chota konzi, ikamue kwa nguvu. Likidondoka tone moja au mawili kati ya vidole, na ukifungua kiganja ukakuta donge linalobomoka kwa kuguswa, hapo pako sawa: ni unyevu wa kitambaa cha kupangusia meza kilichokwisha kukamuliwa. Maji yakichuruzika hadi kifundoni, changanya majani makavu zaidi siku hiyo hiyo. Mkono ukitoka na vumbi, au ukikuta sisimizi wamejenga humo, pamekauka, nyunyizia huku ukigeuza. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, pipa lisilo na kifuniko linageuka dimbwi, kwa hiyo funika kwa turubai. Kiangazi kazi inakuwa ya kumwagilia.

Geuza kila wiki au kila wiki mbili, cha pembeni kiingie katikati. Ukitaka kujua kama kazi inaendelea, chomeka kipande cha nondo katikati, kiache dakika kumi, kichomoe na ukishike. Kikiwa cha moto, vijidudu vinafanya kazi. Kikiwa baridi na taka bado zinaonekana zilivyo, kasoro iko kwenye maji, hewa au naitrojeni, na kugeuza huku ukiongeza samadi ya kuku kidogo mara nyingi kunaamsha.

Mara nyingi utasikia kwamba joto la mboji huua mbegu za magugu na magonjwa. Ni kweli kwa lundo kubwa linalofika nyuzi 55 na kubaki hapo siku kadhaa. Pipa la uani hupoteza joto kupitia pembeni, na mimi nisingelitegemea. Ndago usiiweke kabisa, maana vile viazi vyake vitachipua kwenye tuta lako la bamia. Vivyo hivyo nyanya zilizokufa kwa mnyauko. Nyama, utumbo wa samaki na mafuta huita panya, na kinyesi cha mbwa na paka kina minyoo. Ugali na wali uliolala wape kuku. Machicha ya nazi yana mafuta, yatawanye membamba badala ya kuyamwaga donge. Majivu ya jikoni yawe konzi moja moja, kwani yakizidi huifukuza naitrojeni kwa njia ile ile ya amonia.

Kwa walio pwani kuna jambo moja zaidi. Wakati wa kugeuza unaweza kukuta buu mnene mweupe, kichwa cha kahawia, amejikunja. Huenda ni mtoto wa chonga, yule mdudu mwenye pembe anayetoboa minazi, na chonga hupenda kutaga kwenye samadi na taka zinazooza. Kama kuna mnazi karibu, mtoe. Kuku watamgombania.

Mboji inayogeuzwa hukomaa kwa miezi mitatu hivi, isiyoguswa huchukua nusu mwaka au zaidi. Iliyoiva ni nyeusi, inanukia udongo, na huwezi kujua kipi kilikuwa ganda na kipi jani. Ukiwa na shaka, tia yenye unyevu kwenye kopo lenye mfuniko kwa siku tatu. Likifunguka na harufu ya uvundo, bado. Ukiitumia kabla haijaiva, itaendelea kuoza kwenye tuta na kunyang'anya mimea naitrojeni, majani yakawa ya njano.

Chekecha, na kilichobaki juu ya chekeche kirudi kwenye pipa. Kwenye matuta tandaza unene wa vidole viwili na uchanganye na udongo wa juu. Ardhi ya kichanga haishiki maji, na hapo ndipo mboji inaonyesha kazi yake mapema: matembele hayalegei upesi jua la mchana. Kwenye viroba vya mboga, sehemu moja ya mboji kwa mbili za udongo inatosha. Ila naitrojeni ya mboji huwa asilimia moja au mbili tu na hutoka polepole, kwa hiyo mchicha unaochumwa mara kwa mara utahitaji kuongezewa samadi iliyooza kila baada ya mchumo mmoja au miwili.