Lipu ya saruji inaozesha mahindi kwenye maghala ya mawe

Juzi niliingia ghala la mawe huko Kilolo, la enzi za walowezi, kuta zake zina unene wa karibu sentimita 55. Mwenyewe kalipendezesha: lipu ya saruji nje na ndani, na rangi juu. Nikagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, ukalia kama debe tupu. Fundi akabandua kipande. Nyuma yake udongo ulioshika mawe umelowa, unafinyangika. Gunia lililoegemea hapo lilikuwa na ukungu wa kijani upande mmoja. Huko ndiko sumukuvu inakoanzia, na kuipika haiishi.

Jamani, kuta hizi zilijengwa kwa udongo au chokaa, na msingi hauna kizuizi cha unyevu. Maji ya ardhini hupanda, kisha hukaukia kwenye maungio ya mawe. Ukiziba kwa saruji, yanapanda juu zaidi na kubaki ndani ya ukuta, jirani na mahindi yako.

Bandueni mwanzoni mwa Septemba, kwa tindo na nyundo ndogo. Sururu inang'oa mawe. Acheni ukuta ukauke wiki 4. Oktoba pigeni lipu ya chokaa: ndoo 1 ya chokaa ya kujengea kwa ndoo 3 za mchanga mkali uliochekechwa. Unene wa kila tabaka milimita 10, usizidi. Tabaka la pili lisubiri siku 7, na siku 4 za kwanza ning'inizeni magunia mabichi mbele ya ukuta, maana jua la Oktoba linaipasua. Juni na Julai msithubutu. Mufindi na Makete usiku umande huganda, na chokaa mbichi ikiganda inamomonyoka.

Halafu kuna wale wa "tuongeze kasaruji kidogo ishike". Hapana. Hata koleo moja hapana! Wengine wamechukua chokaa ya shambani, ile ya kupunguza tindikali ya udongo. Hiyo ni jiwe lililosagwa bila kuchomwa, haishiki kitu.

Nje, ondoeni udongo uliorundikana ukutani hadi sakafu ya ndani iwe juu ya ardhi kwa sentimita 15, ila msifunue msingi. Ukuta ukipona, harufu ya uvundo inaisha.

Kama mahindi yako yameshaingia na saruji bado ipo, leo hii sogeza magunia mita 1 kutoka ukutani. Septemba tutabandua.