Jinsi ya kuhamia chakula cha mimea ukiwa na kisukari bila kuzimia njiani

Kabla hujagusa jiko ongea na daktari kuhusu dozi. Najua "muone daktari" imeshakuwa kama salamu, ila hapa ina sababu yake: kama unachoma insulini au unameza vidonge vya kushusha sukari vya kina glibenclamide, gliclazide au glimepiride, hizo dozi zilipangwa kwa msosi uliokuwa unakula zamani, sasa ukikata wanga ghafla na dawa iko palepale sukari inaporomoka. Mi yalinikuta wiki ya kwanza tu, kijasho, mikono inatetemeka, nikajua ni hamu ya nyama, kumbe mashine ya kupima sukari inasoma 3.4. Ikisoma chini ya 3.9 kwa mashine za mmol/L (zile za mg/dL ni 70) ushashuka, chukua sukari gramu 15 hivi au nusu glasi ya juisi, subiri dakika 15 upime tena, bado iko chini rudia. Metformin, kidonge kingine cha kisukari, ikiwa peke yake mara nyingi haina huo mchezo. Na nyie wa taipu 1, insulini haiachwi hata ule majani kama mbuzi.

Haya sahani sasa. Wengi wanaharibia hapa, wanatoa nyama alafu pale ilipokuwa nyama wanaongeza wali. Wali ni mmea, mkate mweupe ni mmea, chipsi ni mmea, sukari yenyewe inatoka kwenye muwa, kwaiyo neno mimea halikuokoi na chochote. Nyama ikitoka, nafasi yake inachukuliwa na maharage, dengu, njegere au soya. Mi napima kwa macho: nusu ya sahani mboga zisizo na wanga mwingi kama majani, kabichi, biringanya, bamia, robo maharage na ndugu zake, robo inayobaki ndo wanga, na uwe wa nafaka isiyokobolewa ukiweza. Maharage nayo yana wanga, asikudanganye mtu, kikombe kimoja yakiwa yamepikwa kina kama gramu 40, ila nyuzinyuzi zake zinaifanya sukari iingie kwenye damu polepole badala ya kupaa.

Tumbo litajaa gesi, hilo ujue mapema. Loweka maharage usiku, mwaga yale maji, pika na maji mapya, anza na vijiko vichache kwa siku alafu ongeza taratibu. Yale mekundu yachemke kwelikweli, yakiwa hayajaiva vizuri yanatapisha.

Matunda kula, ila ule tunda zima. Juisi kwangu siku hizi ni dawa ya kushuka, naiweka karibu na kitanda na siigusi nikiwa mzima. Mafuta ya nazi pia watu wanayamimina kwa sababu ni ya mimea, wakati yamejaa mafuta yaleyale yanayoganda ambayo ndo ulikuwa unayakimbia kwenye nyama.

Sasa hili la B12 naomba ulisome mara mbili. Hii vitamini kwenye mimea ni kama haipo, na metformin ukiitumia miaka inapunguza uwezo wa mwili kuifyonza, yaani unabanwa pande zote mbili. Ikipungua unapata ganzi na kuchomachoma miguuni, na kila mtu atakwambia ni kisukari kimeingia kwenye mishipa ya fahamu, unaweza kukaa hivo muda mrefu unatibu kitu kingine. Tumia vidonge vya B12 na uombe ipimwe kwenye damu. Na kama figo zako zina shida usifuate sahani yangu kabisa, maharage, ndizi na viazi vina potasiamu nyingi, pata mpango wako mwenyewe hospitali.

Usibadilishe milo yote siku moja. Anza na chai ya asubuhi, wiki ijayo mchana, alafu usiku, na pima kabla ya kula na saa mbili baada ya kuanza kula ili ujue chakula gani kinakupandisha wewe, maana miili haifanani, mimi viazi vinanimaliza. HbA1c, kile kipimo cha damu cha hospitali, usiikimbilie baada ya wiki mbili, inasoma wastani wa sukari yako wa kama miezi mitatu. Pima moja kabla hujaanza, andika sehemu usiyopoteza, ile ya pili ikija uwe na cha kulinganishia.