SOMO: Prosesa tatu zibadilishe hali kwa pigo moja (taa za makutano)

Bandugu, kila msimu wa TFC (kazi ya mwisho wa masomo) hapa Lubumbashi swali ni lilelile: "Bodi zangu zinaanza pamoja, kisha kila moja inafuata muda wake." Naandika mara moja, ukiniuliza tena nitakuelekeza hapa.

Bodi ya Arduino Uno inahesabu muda kwa rezoneta ya kauri (kipande kinachotetema kuipa prosesa mwendo), ambayo yaweza kukosea hadi karibu asilimia 0.5. Kwa siku nzima hiyo ni dakika 7 na zaidi. Dawa ni saa moja ya nje, na bodi kukubaliana.

1. Unganisha GND (waya wa sifuri) za bodi zote.

2. Toka SQW (pini inayotoa mapigo) ya saa ya DS3231 nenda pini 2 ya kila bodi. Weka rezistansi ya 4.7k kati ya waya huo na 5V, maana SQW huvuta chini tu.

3. Andika 0 kwenye rejista 0x0E ya saa hiyo. Utapata pigo moja kila sekunde.

4. Kwenye kila bodi tumia attachInterrupt kwa FALLING: kila waya ukishuka, prosesa inaacha kazi yake kidogo na kuhesabu pigo. Hiyo ndiyo interapti.

5. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Bodi moja ni kiongozi, inaamuru nyingine. Lakini bodi haziwaki kwa wakati mmoja. Kila moja ikihesabu mapigo tangu ilipowaka, kiongozi itasema "kijani pigo la 40" wakati kwa mwenzake 40 imeshapita. Basi ujumbe wa kiongozi ubebe namba ya pigo la sasa, hali inayokuja, pigo la kuianza na pigo la kuimaliza. Bodi inayopokea irekebishe hesabu yake, ihifadhi hali hiyo bila kugusa taa, ijibu.

ONYO: ujumbe huo utume nusu sekunde baada ya pigo. Ukituma karibu na pigo, bodi moja inasoma kabla, nyingine baada, na hapo zimeachana sekunde nzima.

ONYO: prosesa hii ni ya biti 8. Hesabu ya mapigo ya biti 16 inasomwa vipande viwili. Interapti ikiingia katikati, unapata namba ambayo haikuwahi kuwepo. Itangaze volatile (ili isomwe upya kila mara), isome kati ya noInterrupts() na interrupts().

6. Badilisha taa ndani ya interapti, kwa kuandika PORTB (rejista ya pini 8 hadi 13 kwa pamoja) mara moja. digitalWrite inagusa pini moja moja.

7. Ujumbe utapotea siku moja, na hakuna wingi wa majibu utakaokuhakikishia kwamba la mwisho limefika. Ndiyo maana kijani kina pigo la mwisho: bodi isipopata amri mpya, inaenda nyekundu yenyewe. Kati ya kijani na kijani weka sekunde mbili za nyekundu pande zote. Pigo lenyewe likikosekana kwa sekunde moja na nusu kwenye millis() (saa ya ndani ya bodi), nyekundu pia. Hatua hii msiiruke, hata kama ni makutano ya mbao mezani.

MASWALI

KatubaElec: Yaya, niliweka delay(1000) kwa zote tatu, haitoshi?
— Soma aya ya pili.

KatubaElec: Nilisoma. Lakini kwangu inaenda vizuri.
— Iache iwake hadi kesho asubuhi, kisha tazama.

DadaWaKampemba: Aksanti kwa somo. Na kompyuta yenye prosesa nyingi ndani, inafanyaje?
— Swali zuri sana, dada. Kerneli (kiini) ya Linux ina stop_machine, kwa mabadiliko ambayo prosesa nyingine haipaswi kuyakuta katikati. Zote zinaacha kazi zao na kupita hatua kwa hatua: kujiandaa, kufunga interapti, kutekeleza, kutoka. Kila hatua zote zinakiri, na inayokiri mwisho ndiyo inayofungua hatua inayofuata. Tofauti na sisi, zina kumbukumbu moja, kwa hiyo hakuna ujumbe wa kupotea njiani. Ukitaka kuisoma, faili ni kernel/stop_machine.c, si ndefu. Ukikwama, leta mstari uliokukwamisha tuusome pamoja.

Fundi_Ruashi: Umeme ukikatika, saa inaendelea?
— Inaendelea kwa betri yake, lakini kwa mpangilio wa hatua ya 3 mapigo yanasimama. Umeme ukirudi, kiongozi ianze na nyekundu kwa wote.

Fundi_Ruashi: Betri ni CR2032?
— Angalia kwanza. Moduli za ZS-042 (bodi ndogo zinazobeba DS3231) zina sakiti ya kuchaji, na CR2032 haichajiwi, inaweza kuvimba. Ng'oa ile rezistansi ndogo ya ohm 200 iliyo karibu na dayodi.