Unafuata mzigo Kariakoo kutoka Kigoma? Punguza gharama za gesti hivi

Bei iliyobandikwa mapokezi isikutishe sana. Kinachomaliza hela za mfanyabiashara Dar ni saa anayoingia chumbani na mtaa anaolala.

Hatua ya 1: Pangilia saa ya kuingia. Gesti nyingi hutaka utoke saa 4 asubuhi, hata kama umeingia alfajiri. Tangu mabasi yaruhusiwe kusafiri usiku mwaka 2023, unaweza kushushwa stendi ya Magufuli, pale Mbezi Luis, saa 9 usiku. Ukichukua chumba saa hiyo umelipia usiku mzima kwa usingizi wa kuibia. Kaa stendi penye taa na watu, kunywa chai, kukicha ndiyo uondoke. Ukifika gesti, kabla hujatoa kitambulisho, uliza: "Nikiingia sasa, natoka lini?" Akikwambia kesho saa 4, lipa. Akikwambia leo, aga kwa heshima.

Hatua ya 2: Chagua mtaa kwa kuangalia majira. Kiangazi lala Magomeni. Basi la mwendokasi la Gerezani linakufikisha Kariakoo upesi. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, usithubutu. Jangwani, bonde lililo kati ya Magomeni na Kariakoo, ikijaa maji barabara hufungwa, na nauli ya kuzunguka itakula nafuu yote. Miezi hiyo tafuta Ilala au Kariakoo penyewe. Hosteli za makanisa nazo zisikupite, mfano Msimbazi Center pale Ilala.

Hatua ya 3: Omba punguzo la siku zote kwa mkupuo. Chumba cha 30,000 kwa siku nne ni 120,000. Mwambie meneja, "Natoa laki taslimu sasa hivi." Mhudumu wa mapokezi usimsumbue, mara nyingi hana ruhusa ya kushusha bei. Ila kagua kwanza: fungua bomba, washa feni, jaribu kitasa. Kuanzia Juni hadi Agosti kiyoyozi ni anasa tu, Dar kunapoa.

Hatua ya 4: Bei za kwenye programu za simu zitazame, kisha piga gestini moja kwa moja. Programu hukata kamisheni, kwa hiyo mwenye chumba ana pa kukupunguzia. Usitume hela kabla hujakiona chumba.

Hatua ya 5: Dagaa na mawese ya ndugu yafikishe kwa wenyewe kabla ya kuingia gesti. Mawese yakimwagikia shuka, utalinunua hilo shuka, na kwa bei atakayoitaja mwenye gesti.