SOMO: Tarakimu ya mbele ya namba tasa (nimechoka kujibu mmoja mmoja)

Wakuu, juzi nimeulizwa tena nikiwa nimening'inia kwenye daladala ya Mbagala: eti namba tasa zinafuata sheria ya Benford (ile kwamba kwenye takwimu nyingi tarakimu ya mbele huwa 1 mara nyingi kuliko nyingine), 1 inaongoza kwa asilimia 30? Hazifuati. Hesabuni wenyewe.

1. Daftari la miraba. Andika 2 hadi 999.

2. Chekeche la Eratosthenes: kata vigawe vya 2 (2 yenyewe iache), vya 3 (3 iache), vya 5, hivyo hivyo hadi 31. Zitabaki 168.

3. Usiishie njiani. Hapa ndipo nilipoumbuka. Mara ya kwanza mkono ulichoka, nikaishia 199. Tasa 46, na 25 kati yake zinaanza na 1. Zaidi ya nusu! Nikaenda kijiweni kutamba. Mzee mmoja, macho kwenye bao, akauliza tu: "Na za mia mbili umezipeleka wapi?" ISHIA 99, 999 au 9,999. Ukiishia kwingine, jibu unalitengeneza mwenyewe.

4. Zigawe mafungu kwa tarakimu ya mbele. 1 ina 25. 2 na 3, 19 kila moja. 4 ina 20. 5 ina 17. 6 na 7, 18 kila moja. 8 ina 17. 9 ina 15.

MASWALI

— Kwa hiyo ni asilimia 30 au siyo?
— Soma juu, mkuu.

— Nimepata 169. Chekeche lako bovu.
— Umeanzia 1. Nimeandika 2.

— Shikamoo mwalimu. Daftari la mauzo la genge langu Tandika, 1 inaongoza kweli. Mbona tasa hazifanyi hivyo?
— Marahaba dada, hilo ndilo swali. Mauzo hukua kwa kuzidishwa: kutoka 1,000 kufika 2,000 lazima yawe maradufu, kutoka 9,000 kufika 10,000 ni hatua ndogo. Ndiyo maana yanakawia kwenye 1. Tasa hazirukiruki hivyo, zinapungua polepole tu: 100 hadi 199 zipo 21, 900 hadi 999 zipo 14. Chini ya milioni zipo 78,498, na fungu la 1 limeshuka hadi asilimia 12.2. Mgawo sawa ungekuwa 11.1, na ukizidi kupanda ndiko linakoelekea.

— Nje ya mada: 91 hunidanganya kila siku.
— 7 × 13. Kupima 7: tarakimu ya mwisho zidisha kwa 2, toa kwenye zilizobaki; jibu likigawanyika kwa 7, namba nayo inagawanyika. 9 − 2 = 7, imenasa.

— Na 133?
— 13 − 6. Kata.