Kupima unga wa manjano bila kuiamini rangi yake

Katika unga wa manjano (Curcuma longa), kitu cha kwanza kughushiwa ni rangi, kwa hiyo usianzie hapo. Anza na darubini. Koroga unga kidogo katika tone la maji juu ya kioo. Manjano huchemshwa kabla ya kuanikwa, hivyo wanga wake huvimba na kugandamana kuwa mabonge ya njano. Chembe za wanga zilizo nzima na zilizotengana zinaashiria kuwa umetiwa unga mwingine, isipokuwa kama manjano hayo yalikatwa na kukaushwa mabichi, muulize aliyeyaandaa.

Kisha fanya kromatografia ya tabaka jembamba, yaani kuzitenganisha rangi za unga kwa kiyeyusho kinachopanda kwenye bamba. Loweka gramu 0.5 za unga katika mililita 5 za methanoli kwa dakika 30, ukitikisa, halafu chuja. Kwenye bamba la silika jeli chora mstari wa penseli sentimita 1.5 kutoka chini (wino utapanda pamoja na kiyeyusho), kisha dondosha mikrolita 5 za sampuli na, pembeni yake, kiasi hichohicho cha kurkumini (rangi kuu ya manjano) ya rejea, yaani iliyo halisi ya kulinganishia. Tangini weka klorofomu na methanoli kwa uwiano wa 95:5, kina kisifike mstarini. Funika dakika 20 mvuke ujae, ndipo uingize bamba. Fanyia kazi hii ndani ya kabati la kutolea mvuke, mbali na jua, kwani mwanga huharibu kurkumini.

Kiyeyusho kikipanda sentimita 8, toa bamba na uweke alama kilipofikia kabla hakijakauka. Unatafuta madoa matatu ya njano: kurkumini juu, demethoksikurkumini katikati, bisdemethoksikurkumini chini. Doa la chini likikosekana au likififia mno, huenda umeuziwa Curcuma zanthorrhiza, mmea mwingine wa jamii ya manjano. Njano kali iliyong'ang'ania mstari wa mwanzo inatia shaka ya rangi ya kiwandani, kama metanili ya njano.

Madoa yakiburuta mikia, umedondosha nyingi mno, punguza. Yakihama kutoka jaribio hadi jaribio, mara nyingi ni kiyeyusho kilichotumika tena: klorofomu na methanoli havivukizi kwa kasi moja, na uwiano hubadilika. Ndiyo maana rejea lazima iwe kwenye bamba lilelile.

Majivu nayo yapimwe: choma gramu 3 za unga kwa nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi, ukipandisha moto polepole ili moshi usipeperushe unga. Shirika la Afya Duniani linataka jumla ya majivu isizidi asilimia 8 ya unga, na yasiyoyeyuka katika asidi asilimia 1. Yakizidi hapo, aghalabu ni mchanga.

Hatari kubwa ni kromati ya risasi, rangi ya njano yenye sumu. Haiyeyuki katika methanoli, hivyo sampuli yenye madoa matatu mazuri kabisa inaweza kuwa nayo. Risasi ipimwe kwa mashine ya ufyonzaji wa atomu, inayopima metali kwa mwanga ambao atomu zake hufyonza. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa dawa za mitishamba ni miligramu 10 kwa kilo. Kwa kipimo hiki sampuli imeng'enywe kwa asidi ya nitriki. Usitumie yale majivu, kwa sababu katika moto mkali sehemu ya risasi huvukiza na jibu hutoka chini kuliko ukweli.