Jinsi ya kuchagua na kufanya anjio-IRM: mwongozo kwa mafundi wa radiolojia wa Lubumbashi

Anjio-IRM ni upigaji picha za mishipa ya damu kwa mashine ya sumaku (IRM). Karatasi ya maombi iliyoandikwa "anjio-IRM ya kichwa" peke yake haimtoshi fundi, kwa sababu haisemi kama daktari anatafuta ateri iliyobana, uvimbe wa ukuta wa ateri, au bonge la damu ndani ya vena, na kila swali kati ya hayo lina mbinu yake. Mpigie daktari simu kabla mgonjwa hajabadili nguo. Uchunguzi huu si wa bei rahisi, na ni familia chache mjini hapa zinazoweza kuulipia mara mbili.

Kisha mhoji mgonjwa kuhusu vyuma. Kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, vibanio vilivyowekwa kichwani wakati wa upasuaji na vipande vya risasi viulizwe kwa kila mtu. Lakini katika mji wa migodi na karakana, swali la macho lipewe uzito wa pekee. Baba aliyechomelea au kusaga vyuma katika komuni za Katuba au Kenya mjini hapa anaweza kuwa na chembe ya chuma jichoni asiyoikumbuka, nayo ikivutwa na sumaku inaweza kulijeruhi jicho kutoka ndani. Ukiwa na shaka, piga kwanza radiografia ya kawaida ya macho. Kumbuka pia kwamba umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, ukikatika, sumaku haizimiki: katika mashine za tesla 1.5, koili zake hupozwa kwa heliamu ya kimiminika, na mkondo unaozunguka ndani yake hauhitaji umeme wa nje. Mlinzi anayeingia chumbani gizani na tochi ya chuma yuko hatarini kama vile mashine ingekuwa kazini.

Mbinu ya kwanza, ambayo mashine huiandika TOF, haihitaji dawa yoyote. Mapigo ya redio hurudiwa haraka kwenye bamba moja la mwili hadi tishu zilizotulia zichoke na kutoa ishara hafifu, ilhali damu inayoingia kutoka nje ya bamba haijapigwa bado, na kwa hiyo hung'aa. Mipangilio karibu yote ya mbinu hii inatokana na jambo hilo. Kwa ateri za ubongo, tumia upigaji wa pande tatu wenye vipande visivyozidi milimita moja, na uligawe eneo katika mabamba membamba yanayopandana kidogo, kwa sababu damu inayokaa muda mrefu ndani ya bamba nene huchoka nayo kabla ya kufika juu. Weka ukanda wa kuzima ishara upande wa juu wa eneo, ili damu ya vena inayoshuka isichanganyike na ya ateri inayopanda. Ukitafuta vena za shingo, ukanda huo uhamie chini. Panga vipande viukate mshipa kwa kuuvuka, kwani sehemu inayolala ndani ya kipande hupoteza mwanga hata ikiwa nzima kabisa. Mtego mbaya zaidi ni bonge la damu lililokwisha kukaa siku kadhaa: hemoglobini yake iliyobadilika hung'aa yenyewe, na msomaji asiyelinganisha na picha za kawaida za T1 (aina ya msingi ya picha za IRM) ataliona kama damu inayotembea.

Watoto wenye SS (ugonjwa wa selimundu) wanahitaji uangalifu zaidi. Kwao kiharusi hutokana mara nyingi na kubana kwa ateri ya karotidi ya ndani mwishoni mwake, au mwanzo wa ateri ya kati ya ubongo, na TOF huonyesha maeneo hayo vizuri. Hata hivyo, upungufu wa damu huiongezea damu kasi, kasi huleta msukosuko, na msukosuko hufuta ishara pale mshipa unapopinda, hivyo ateri nzima huonekana imebana. Fupisha muda wa mwangwi (TE) kadiri mashine inavyoruhusu, na usiandike neno "kubana" kwa sababu ya doa moja jeusi pale mshipa unapopinda.

Mbinu ya pili, ya awamu (contraste de phase), hupima kasi yenyewe ya damu. Hapa kazi ya fundi ni kuchagua kikomo cha kasi: sentimita 15 hadi 20 kwa sekunde kwa vena za ubongo, 80 hadi 100 kwa ateri zake, na 150 kwa aota. Kikomo kikiwa chini mno, damu ya kasi huonekana kama inarudi nyuma. Kikiwa juu mno, damu ya polepole humezwa na kelele. Kwa mama aliyejifungua karibuni na kupata maumivu makali ya kichwa, anayeshukiwa kuwa na bonge kwenye vena za ubongo, mimi huipendelea mbinu hii kuliko TOF, kwa kuwa bonge lililotulia halina kasi na haliwezi kujifanya mtiririko.

Kwa aota, figo na miguu, dawa ya gadoliniamu, inayoing'arisha damu, ndiyo hutoa picha bora. Kipimo cha kawaida ni milimoli 0.1 kwa kilo. Dawa ikiwa na milimoli 0.5 kwa mililita, mtu wa kilo 60 hupewa mililita 12, kwa mwendo wa takriban mililita 2 kwa sekunde, zikifuatwa na mililita 20 za maji ya chumvi. Tumia mkono wa kulia, kwani dawa nzito inayopita vena ya kushoto mbele ya aota huharibu picha ya matawi yake. Ufaulu unategemea wakati: sehemu ya kati ya data, inayobeba mwanga wa picha, ikusanywe dawa inapojaa kwenye ateri na kabla haijafika kwenye vena. Pima kwanza kwa dozi ndogo ya majaribio, na mzoeze mgonjwa kuzuia pumzi. Uchujaji wa figo ukiwa chini ya mililita 30 kwa dakika, au mgonjwa akiwa mjamzito, rudi kwenye mbinu zisizo na dawa kila inapowezekana. Dawa ikilazimika, iwe ya aina ambayo molekuli yake ina umbo la duara (macrocyclique).

Picha ya mishipa inayozungushwa kwenye skrini huchagua nukta zenye mwanga mkali zaidi tu, na inaweza kuficha bonge dogo au kuzidisha ubanaji. Weka vipande vya asili kwenye CD ya mgonjwa pamoja na kikomo cha kasi, kiasi cha dawa na upande ulikochomwa sindano, hasa kama picha zake zitasomwa Zambia au Afrika Kusini na daktari asiyeweza kukupigia simu.